Bingwa wa Dhima Awahutubia Wenye Kulimiwa Bure

Hadhirina waheshimiwa, wazee wetu wenye busara, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mliopanda juu ya mwembe ingawa mlikatazwa, sikilizeni. Katika nchi hii wanaojua habari za bima ni wachache, wanaojua habari za trekta si wengi, na aliyezikusanya elimu hizo mbili katika kifua kimoja, kisha akazipamba kwa ufasaha wa kauli, ni mtu mmoja tu, ambaye staha inamkataza kujitaja, ila mnamwona amesimama mbele yenu, naye amevaa koti.

Mada yetu, kama nilivyoiandika ubaoni kwa hati yangu mwenyewe, ni hii: mtu akichukua trekta akaenda kumlimia mwenziwe shamba kwa hiari, pasipo ujira, akitaraji radhi za Mungu na dua za wazee, kisha katika kulima kwake kikaharibika kitu, ni nani atakayebeba dhima ya hasara hiyo, na ni bima ya namna gani itakayomsitiri? Swali ni zito, nami nitalijibu; lakini haifai jibu adhimu litangulie kabla ya kujulikana mwenye kulitoa, na kwa hiyo nitaanza na habari zangu kwa muhtasari.

Ujana wangu nimeutumia katika ofisi moja ya bima mjini Tanga, katika cheo cha dhamana kubwa mno, hata asubuhi hapakuwa na meneja aliyeweza kuingia ndani kabla yangu, na usiku kucha mali yote ya ofisi, mafaili, taipureta na kasha la fedha, ilikuwa mikononi mwangu mimi peke yangu na tochi yangu. Karatasi zote zilizotupwa nilizisoma kabla sijazichoma moto, na aghalabu nilikuwa nikijadiliana nazo kwa sauti. Nilizisoma habari za Shirika la Bima la Taifa tangu lilipoundwa mwaka 1963. Nikasoma namna Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilivyoliachia shirika hilo uwanja wote wa bima. Nikasoma na sheria ya mwaka 1996 iliyoufungua tena mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Makampuni hayo yalipoingia, la kwanza walilofanya ni kuniondoa kazini na kuajiri mbwa, jambo ambalo lilinipa wasaa wa kuja kukuelimisheni nyinyi.

Tena mjue kwamba bima ya baharini, ambayo ndiyo bibi yake hizi zote, ilikulia katika mkahawa. Katika karne ya kumi na saba, mjini London, palikuwa na bwana mmoja, Edward Lloyd, aliyeuza kahawa, na manahodha na matajiri wa meli wakawa wanakutana kwake kupeana habari za bahari na kugawana hatari ya shehena zao. Kwa hiyo yule anayemnong'oneza mke wangu kwamba mimi hushinda kwenye mabao ya kahawa sina kazi, na amwelewe mtu akiwa masomoni.

Sasa natamani gilasi ya maji, maana koo limekauka. Hakuna? Hata katika mtungi? Ajabu. Naona wengi wenu mmekuja na ndoo na madumu matupu, nami nilidhani mmeyaleta kwa ajili ya kukalia kwa uhaba wa viti. Haidhuru, tuendelee.

Elimu yangu ya trekta nimeirithi. Mwaka 1947, Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga katika Tanganyika, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, marehemu baba yangu alikuwako Kongwa. Aliviona vifaru vya vita vya namna ya Sherman vilivyogeuzwa matrekta yakaitwa Shervick. Aliiona ardhi ya Kongwa ilivyokuwa ikishikana wakati wa kiangazi hata plau zikavunjika. Aliiona mibuyu ikiwashinda watu waliokuwa wamewashinda Wajerumani. Kwa hekima yake aliona mapema kuwa kazi ile haitafaulu, akatoa shauri la kuifunga, akalitoa kwa mpishi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Shauri halikufika mbele. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, nao umekwisha meza zaidi ya pauni milioni 30, na waliozilipa ni walipa kodi wa Uingereza, ambao wengi wao hawakupata kuiona Kongwa hata katika ramani. Mtu wa kawaida hujifunza hapo kwamba hasara ya trekta haiyeyuki juani, lazima imwangukie mtu. Mimi nimejifunza zaidi ya hapo: kwamba si lazima imwangukie aliyekuwa juu ya trekta.

Natuingie katika sheria. Sura ya 169 ya sheria zetu za Tanzania, na mwenziwe wa Kenya, ambayo ni Sura ya 405, zote mbili zinamlazimu mwenye chombo cha moto awe na bima ya kumkinga mtu wa tatu, chombo kitumikapo barabarani. Sikilizeni neno hilo kwa makini: barabarani. Sasa mimi, kwa akili niliyojaaliwa, nikatazama huku na huku katika shamba la Bi Mkubwa, niliyekwenda kumlimia kwa hiari, nikaona mahindi ya mwaka jana, nikaona michungwa, nikaona kichuguu, lakini barabara sikuiona. Basi nikajua kwamba nimekwisha toka katika mikono ya sheria, nikatia gea kwa moyo mkunjufu.

Yule kijana mwalimu wa shule ameinua mkono, anauliza: je, sheria isipomlazimu mtu kukata bima ya shambani, ndio kusema hasara aliyoifanya shambani halipi? Swali hili ni la mtu ambaye hajakomaa, lakini nitamjibu kwa upole. Hapana, mwanangu. Dhima iko pale pale. Kisichokuwako ni bima. Ile hati ya barabarani aliyonayo mkulima huweza kumfaa akigonga baiskeli njia kuu ya Muheza, lakini akivuka mtaro akaingia shambani kwa mtu, huweza kuwa ni karatasi tu, na hasara akailipa kwa ng'ombe wake. Hayo ni mambo madogo madogo ya ndani ya sheria, na mtu mkubwa hajishughulishi nayo. Kaa chini.

Nitakupeni kisa ambacho hapa wilayani hapana mwingine anayekijua. Mwaka 1703, katika nchi ya Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Bernard alichukua jukumu la kumhamishia Bwana Coggs mapipa yake kutoka ghala moja hadi ghala jingine. Mapipa yalikuwa na brandi, lakini kwa heshima ya msikiti ulio nyuma yangu nitasema ni siki. Bernard hakuwa hamali, wala hakulipwa hata senti. Katika kuyashusha, pipa moja likapasuka, na ile siki, tena siki ya thamani kubwa, siki ya kuzeeka, siki ambayo harufu yake tu, nasikia, humtuliza mtu aliyechoka, ikamwagika ikapotea. Coggs akashitaki. Bernard akajitetea kwamba amefanya ihisani, na mfanya ihisani hadaiwi. Jaji Mkuu Holt na wenziwe wakaamua kwamba hakuna aliyemlazimisha Bernard kuishika kazi ile, ila alipokwisha ishika alipaswa kuifanya kwa uangalifu, na kwa kuwa alifanya kwa uzembe, basi alipe, ujira au hapana ujira. Na hukumu hiyo msidhani imebaki Ulaya, kwani sheria ya asili ya Waingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ndiyo iliyopokewa Tanganyika, na mahakama zetu zimeirithi.

Namwona Mwenyekiti wa Kamati ya Maji amesimama kwa furaha, ananiomba nimrudilie jina la kesi herufi kwa herufi, naye anaandika. Hii ndiyo raha ya kufundisha watu wenye kiu ya elimu. Anaongeza kuuliza kama hukumu hiyo yaweza kuhusu bomba la maji. Bila shaka yaweza, Mwenyekiti, bomba na pipa ni ndugu! Lakini ikiwa unakusudia lile bomba kuu lililopita chini ya shamba la Bi Mkubwa, hiyo ni kadhia nyingine kabisa, maana plau langu lilikwenda chini kwa kina cha kawaida, na bomba ndilo lililokuwa juu kuliko inavyostahili. Wahenga wamesema tenda wema nenda zako. Nami maji yalipoanza kuruka nilikwenda zangu upesi sana, hata trekta nikaliacha linanguruma, nalo likaendelea peke yake kumlimia jirani, ambaye hakuomba, na ambaye mihogo yake ilikuwa haijakomaa. Basi ni nani mwingine katika wilaya hii aliyetenda wema hata akiwa hayupo?

Narudi kwenye elimu. Hati nyingi za bima ya chombo hutaja matumizi yanayoruhusiwa: kuna chombo cha shughuli za mwenyewe, na kuna chombo cha kukodisha, na ada ya hiki si ada ya kile. Aliyekata bima ya shughuli zake mwenyewe, kisha akawa anawalimia watu kwa malipo, kampuni yaweza kumgeuzia uso siku ya ajali. Mimi, alhamdulillahi, hilo halinihusu ndewe wala sikio, kwa kuwa silipwi. Nilichopokea kwa Bi Mkubwa ni majogoo mawili, mkungu wa ndizi, na lita arobaini za dizeli, ambazo katika hizo lita kumi na tano zilitumika shambani na zilizosalia zilitumika katika mipango. Hiyo inaitwa shukrani. Ikiwa mtu wa bima atakuja kuuliza, nawaombeni nyote mseme ni shukrani, na majogoo msiyataje.

Ama msingi mkuu wa bima yote, ambao nautamka kwa taadhima, ni ukweli. Mwaka 1766 Jaji Lord Mansfield alikata shauri juu ya bima ya ngome moja huko Sumatra iliyotekwa na Wafaransa, akaeleza kwamba anayetaka bima ndiye ajuaye siri ya mali yake, na anayeiuza bima hana njia ila kumwamini. Kwa hiyo mwenye kuficha jambo zito asishangae mkataba ukibatilishwa. Ni maneno ya dhahabu. Mimi nimeyaweka moyoni, na chama chetu cha ushirika kiliponituma Tanga kulikatia trekta bima, fomu ikaniuliza kama dereva amepata ajali yoyote, nikajibu kwa ukweli mtupu: Hajapata. Kwani siku ile ya ukuta wa madrasa, ukuta ndio uliopata ajali; mimi sikupata hata mchubuko. Fomu ikauliza tena, je, trekta litatumika katika mashamba yasiyokuwa ya chama? Nafasi ya kujibu ilikuwa ndogo, na hati yangu ni kubwa, nikaiacha wazi kwa ajili ya uzuri wa ukurasa.

Mwenyekiti wa chama naye anauliza ni lini chama kiliniruhusu kulichukua trekta siku ya Jumapili. Mzee wangu, suala la ruhusa ni suala la kifalsafa. Ni kweli kwamba bima hii humkinga dereva anayeendesha kwa idhini ya mwenye chombo, na kwamba dereva asiye na idhini huweza kuachwa nje ya kinga, peke yake, na madeni yake. Lakini ufunguo ulikuwa ukining'inia msumarini, na mimi nilipouchukua haukusema neno. Ni huu hapa, nauweka juu ya meza ili kila mtu auone na aone jinsi nisivyoficha kitu.

Iko na bima nyingine, ambayo inaitwa bima ya dhima kwa umma, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na muradi wetu, kwa hiyo nitaipitia haraka. Hiyo huweza kumfuata mtu hadi katika shamba la mwenziwe, ikalipa akijeruhi watu au akiharibu mali kwa uzembe wake, hata kama kazi ilikuwa ya kujitolea, madhali kujitolea huko kulitajwa na kukubaliwa tangu mwanzo. Aghalabu lakini huacha nje ile mali yenyewe iliyo mikononi mwa mwenye bima au anayoifanyia kazi. Tena kampuni nyingine huweka sharti kwamba kabla ya kuchimba au kulima, mtu aulize kilichozikwa chini. Kuuliza! Yaani mimi, bingwa, nimuulize Bi Mkubwa habari za ardhi! Na bima hiyo haimtibu dereva mwenyewe akiumia, maana ni ya madai ya watu wengine. Dereva hutaka bima yake ya ajali. Basi, nimekwisha. Mlidhani ni refu.

Nafurahi zaidi kuzungumza juu ya usalama, kwa sababu hapo mfano ni mimi. Trekta likibinuka, humlalia dereva kabla hajapata kutaja jina la mamaye, ndiyo maana Sweden, tangu mwaka 1959, iliamrisha matrekta mapya yawe na kinga ya chuma ya kumhifadhi dereva. Trekta letu lilikuja na upinde wa namna hiyo. Niliukata, kwa kuwa ulikuwa ukinifunika kichwa katika picha, na chuma chake ndicho kilichobeba ule ubao mnaouona njiapanda wenye jina langu na vyeo vyangu. Vivyo hivyo ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchulia mahindi: kawaida yake ni mizunguko 540 kwa dakika, ndio kusema mara tisa katika kila sekunde, na yeyote anayeisogelea akiwa na nguo pana na shafti haina kifuniko, amejitia katika hatari kubwa. Na mwulizaji aliye huko nyuma, anayetaka kujua kwa nini koti langu lina mkono mmoja, ajibiwe kwamba ni mshono mpya kutoka mjini.

Bi Mkubwa ameomba aseme neno, na kwa kuwa amesogea mpaka hapa mezani, bila shaka kwa kutaka kumwona msemaji kwa karibu, nampa dakika moja. Anasema: "Mwanangu, wema wako tuliutaka, wala hatuukatai. Lakini ungezunguka shamba kwa miguu pamoja nami kabla hujawasha, ningekuonyesha bomba lipitapo, na kaburi la babu, na bikoni ya mpaka. Ungekwenda kwa chama ukaomba ruhusa ya maandishi. Na chama kingemwambia mtu wa bima kweli tupu, kwamba trekta hili hulimia wajane na zahanati bila ujira, aseme ada yake ni kiasi gani, tukachangishana sisi tunaolimiwa. Basi siku hiyo bomba likikatika, fundi angeitwa, na wewe ungebaki na heshima yako, na sisi tusingekwenda mtoni alfajiri." 

Huo, hadhirina, ni muhtasari wa hotuba yangu, na nampongeza Bi Mkubwa kwa jinsi alivyonifuata. Ameyasema kwa maneno machache kwa sababu hakusoma; mwenye elimu huyasema kwa saa mbili. Neno moja tu amelikosea, nalo ni hilo la kuchanga ada kabla. Mtu mwenye ihisani ya kweli hahesabu hasara kabla haijatokea, na ikitokea huwaachia wengine thawabu ya kuilipa.

Nakaribia mwisho. Napenda kutangaza kwamba kesho, Mungu akipenda, nitajitolea kulima kiwanja cha zahanati, bure, kwa ajili ya bustani ya mboga za wagonjwa. Mganga ameniletea barua ndefu inayotaja nyaya za umeme zilizozikwa, na tangi la maji machafu, na mambo kama hayo, nami sikuimaliza, kwa kuwa mtu wa vitendo hapotezi wakati katika barua. Nawaalika nyote mje mshuhudie. Watoto watapanda juu ya mabawa ya magurudumu kama kawaida.

Naona mmekwisha simama wote, na wengine mnapeana mikono, na Kamati ya Maji inacheka pamoja na wenye chama, jambo ambalo halijapata kuonekana tangu bomba likatike. Nashukuru kwa taadhima hii, siistahili, ingawa kwa hakika naistahili. Sasa niruhusuni nilisogeze trekta kivulini kabla jua halijazidi. Tafadhali, aliyechukua ufunguo hapa mezani aurudishe. Bi Mkubwa? Bi Mkubwa, wenda wapi, nakusemesha! Jamani, mzuieni, mimi ndiye mtaalamu!